Ngao ya Mbele ya Gari Yamlinda Nani?



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja, mzaliwa wa huku kwetu pwani, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaishi na mumewe na watoto wao Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Barua yenyewe si ndefu, na swali lililomo ni dogo kwa kulitazama. Mumewe ameweka akiba kwa muda mrefu, na sasa, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, gari lao la kwanza limeshuka katika bandari ya Mombasa na lasubiri kupelekwa bara. Shemeji yake aliye huku mjini ameshauri kwamba kabla gari halijashika njia lipelekwe kwa fundi likafungwe ngao ya vyuma mbele, ile ya mabomba mazito yaliyoungwa kwa moto, kwa kuwa barabara za huko zina ng'ombe wengi na madereva wasio na adabu. Bei imekwisha kukubaliwa. Mama huyu ameambiwa kwamba hilo ni jambo la wanaume, naye atuuliza: je, anayo haki ya kulikataa?

Sababu ya swali lake ni hii. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yake, mvulana wa miaka 11, alikuwa akirudi kutoka kusaga mahindi, kifuko cha unga amekifunga nyuma ya baiskeli. Pikapu iliyokuwa ikitoka njia ya ndani ilimgonga ubavuni. Waliokuwa dukani wanasema gari halikuwa na mwendo mkubwa. Hata hivyo paja la mtoto lilivunjika mahali pawili, na hadi barua inaandikwa alikuwa bado hospitalini. Mama yetu alikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo. Lililomkaa moyoni, kwa maneno yake, ni kwamba mwenye pikapu aliposhuka akaitazama ngao yake, na ngao haikuwa na hata mkwaruzo. Watu wakasema ni bahati kwamba gari halikuharibika. Kisha wakasema, kama ilivyo ada, ajali haina kinga.

Tumeomba idhini yake tulijibu swali hili hadharani, maana twaona halimhusu yeye peke yake.

Huenda msomaji akauliza, sisi wa pwani tuna nini na Yamumbi? Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni kiasi cha kilomita 800. Yamumbi iko upande wa kusini wa mji huo, karibu na Langas, katika eneo bunge la Kapseret. Ni nchi ya baridi, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baiskeli ni chombo cha kazi kinachobeba maziwa, kuni na magunia, na ambako mtoto aendaye shule hutoka nyumbani alfajiri na mapema. Lakini barabara iliyo kati yetu na wao ni moja. Trela zinazopakia hapa bandarini hupita Nairobi na Nakuru, zikaingia Eldoret kwa ile njia ambayo wenyeji huiita Uganda Road, kisha zikaendelea hadi Malaba. Na magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, yale ambayo familia nyingi za Kenya hununua, hushukia kwetu. Wengi wanaoyaagiza, kuyatoa forodhani, kuyauza na kuyapeleka kwa mafundi ni waume zetu, ndugu zetu na wana wetu. Gari ambalo litamgonga mtoto wa bara, au litakalosimama kwa wakati, aghalabu limepita kwanza mikononi mwa watu wa huku.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, akiwa Madina, alihofu kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq kwa sababu ya njia ambayo hakuisawazisha. Yeye alikuwa khalifa, nasi hatuna ukhalifa. Lakini kila mmoja wetu ni mchunga, na mwenye gari amechungishwa kila aliye mbele ya gari hilo.

Na tuanze kwa kufahamu namna gari linavyomuumiza mtu. Wengi wetu hudhani kwamba mwenda kwa miguu akigongwa hupitiwa juu na magurudumu. Huwa hivyo mara nyingine, lakini mara nyingi, anapogongwa na gari dogo la kawaida, bampa humpiga mguuni kwanza. Mwili hupinduka kuelekea gari, na kichwa hujigonga juu ya boneti au kwenye kioo cha mbele. Basi mambo mawili huamua kama mtu huyu ataishi: mwendo wa gari, na ulaini au ugumu wa mahali alipoangukia. La kwanza lipo mikononi mwa dereva. La pili liliamuliwa kiwandani, miaka kabla ya siku hiyo, na mtu aliyekaa mezani akichora gari.

Kwa sababu hiyo mataifa mengi yamewawekea watengenezaji wa magari viwango. Ipo kanuni ya Umoja wa Mataifa, ya namba 127, iliyoanza kutumika mwaka 2012, inayohusu kumlinda mwenda kwa miguu. Kanuni hiyo haitazami waliomo ndani ya gari hata kidogo. Yamtazama aliye nje. Huchukuliwa mguu wa bandia ukagongeshwa na bampa kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ikapimwa goti limepinda kiasi gani na mfupa wa muundi umebeba uzito gani. Kisha huchukuliwa vichwa vya bandia viwili vikarushwa juu ya boneti kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa: kimoja cha mtu mzima, chenye uzito wa kilo 4.5, na kimoja cha mtoto, chenye uzito wa kilo 3.5. Kina mama, kilo tatu na nusu mnazijua. Ni uzito wa mtoto mchanga mnaokabidhiwa siku ya kujifungua. Wahandisi hukirusha kichwa hicho mara nyingi, hapa na pale juu ya bati, na gari likishindwa kukipokea kwa ulaini unaotakiwa, sharti lichorwe upya.

Ndiyo maana boneti za magari ya siku hizi ni bati jepesi, na chini yake pameachwa nafasi kabla ya kufikia chuma cha injini. Ndiyo maana bampa ni plastiki, na nyuma yake mna kitu cha kubonyea. Wazee wetu huyacheka magari haya. Husema ya zamani yalikuwa chuma, haya ni karatasi, ukiligusa labonyea. Wasemayo ni kweli, lakini kubonyea huko kumekusudiwa. Gari linapokutana na mwili wa mwanadamu, lazima kimoja kati ya viwili kikubali kupinda. Bati likipinda, hununuliwa jingine. Ngao ya ile pikapu ya Yamumbi ilikuwa haina mkwaruzo kwa sababu haikupinda hata kidogo. Nguvu yote ya mgongano ililipiwa na paja la mtoto.

Sasa tulitazame gari la mama yetu. Yeye ametuambia kwamba ni gari dogo kutoka Japani. Japani iliweka sheria ya kulinda kichwa cha mwenda kwa miguu mwaka 2004, ikaanza kuzibana aina mpya za magari mwaka 2005. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye umri unaozidi miaka minane, magari madogo yanayotoka huko hivi leo yametengenezwa katika zama za sheria hiyo. Maana yake ni kwamba gari lililosimama bandarini likisubiri limekuja na amana ndani yake. Kuna mtu asiyemjua mama yetu, wala mtoto wa jirani yake, aliyefanya kazi ili pua ya gari hilo iwe na huruma kidogo. Mama na mumewe wamekwisha kuilipia huruma hiyo katika bei ya gari. Kulipa tena ili fundi aifunike kwa mabomba ya chuma ni kununua kitu kisha kununua cha kukiharibu.

Tena tuangalie jinsi ukaguzi unavyokwenda. Kiwango cha KEBS kinachoongoza magari ya kuagizwa, kijulikanacho kama KS 1515, hutaka umri wa gari usipite kiasi, usukani uwe upande wa kulia, na gari liwe zima kwa kutembea barabarani. Ukaguzi huo hufanywa ng'ambo, kabla gari halijapakiwa melini. Ngao hufungwa huku, baada ya cheti kutolewa. Kwa hiyo gari lililopita mtihani si lile litakalofika Yamumbi.

Mataifa mengine yameliona jambo hili. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo mwaka 2005 kwamba ngao za mbele zisiuzwe ila zimejaribiwa na kuonekana hazimzidishii madhara mwenda kwa miguu. Zile za mabomba mazito zisizo na kitu cha kuzilainisha hazina njia ya kupita mtihani huo. India, nchi ambayo barabara zake zina ng'ombe kuliko zetu, mnamo Desemba 2017 wizara yake ya barabara iliziagiza serikali za majimbo kuwachukulia hatua wanaofunga ngao hizo kwenye magari yao. Hoja yake ilikuwa kwamba ni hatari kwa wapita njia na kwa waliomo garini pia. Na hili la pili wenye magari wengi hawalijui. Sehemu ya mbele ya gari imetengenezwa ijikunje kwa mpango wakati wa mgongano, ili nguvu imalizike kabla ya kuwafikia abiria, na mifuko ya hewa ifumuke kwa wakati wake. Mabomba yaliyofungwa moja kwa moja kwenye fremu huweza kuuvuruga mpango huo wote. Basi ngao iliyonunuliwa kwa ajili ya kuwakinga watoto walio kiti cha nyuma huenda ikawadhuru hao hao.

Twajua shemeji naye hakusema kwa ubaya. Ng'ombe kweli wapo, na usiku hawaonekani. Lakini dawa ya ng'ombe ni taa nzima, breki nzima na mwendo wa pole. Sheria ya trafiki yenyewe imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa ukomo wa mwendo ndani ya miji na vituo vya biashara. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hatari ya kufa kwa anayegongwa na pua ya gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti ya hizo kilomita 15 humfikisha dereva nyumbani mapema kwa dakika chache tu.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika mpangilio ulio mashuhuri nafsi hutajwa baada ya dini, na mali huja mwisho. Hebu tuipime ngao ya gari kwa mizani hiyo. Inahifadhi nini? Taa, rejeta, rangi ya bampa: hayo yote ni mali. Inahatarisha nini? Nafsi, tena nafsi ya asiyekuwa na hatia na asiyekuwa na gari. Kaida za fiqhi zasema kwamba madhara huondolewa, wala madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara mengine mfano wake. Hapa tumepita mfano: twaondoa dhara ya taa iliyovunjika kwa dhara ya mfupa uliovunjika.

Na kuhusu lile neno la kwamba ajali haina kinga, sisi twaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini kuamini kadari hakujapata kumruhusu Mwislamu kuacha kisima wazi mbele ya mlango wake, kisha akasema aliyetumbukia alikuwa ameandikiwa. Anayeua kwa bahati mbaya hakuachwa hivi hivi na sharia. Qur'ani imemwekea diya kwa waliofiwa na kafara kwa Mola wake, na asiyeweza kumwacha mtumwa huru atafunga miezi miwili mfululizo. Masheikh watatufafanulia lini hukumu hiyo humpata dereva na lini haimpati. Kwetu yatosha kujua kwamba neno bahati mbaya halifuti dhima yote. Kwa upande wa pili, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ameliweka tendo la kuondoa chenye kudhuru njiani kuwa tawi katika matawi ya imani. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba maana yake ni mwiba na jiwe. Chuma kinachotembea chastahiki zaidi kuondolewa.

Tusisimame kwenye ngao pekee, maana pua ya gari yaweza kuwa na madhara hata bila ya ngao. Siku hizi mapenzi ya watu yameelekea magari marefu, yenye pua iliyosimama wima kama ukuta. Mnamo Novemba 2023 taasisi ya utafiti wa usalama barabarani ya mashirika ya bima ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi IIHS, ilitoa uchunguzi wa ajali karibu 18,000 za waenda kwa miguu. Ikaonekana kwamba gari lenye boneti iliyo juu ya kiasi cha sentimita 102 kutoka chini lina uwezekano mkubwa zaidi, kwa kiasi cha asilimia 45, wa kumuua linayemgonga, kuliko gari lenye boneti isiyozidi sentimita 76 na iliyoinama. Sababu yafahamika. Pua fupi humpiga mtu mguuni na kumlaza juu ya boneti. Pua ndefu humpiga kifuani na kumwangusha mbele ya magurudumu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, sentimita 102 ni shingo yake. Tena dereva aliyepanda juu hivyo, mtoto akiwa karibu na bampa, hamwoni kabisa. Basi familia inayotaka gari la kuwapeleka watoto madrasa na kwenda sokoni, haina haja ya kununua mlima.

Hayo ni ya magari madogo. Malori na trela zina hukumu yake, na hapa bandari yetu inahusika zaidi. Baiskeli inapokwenda sambamba na lori, hatari kubwa haiko mbele. Iko ubavuni, pale penye uwazi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Lori likipinda, mwenye baiskeli huvutwa chini ya uwazi huo. Dawa yake ni ya kale na rahisi: vizuizi vya ubavuni, vyuma au mbao mbili tatu zinazofunga uwazi, zikamsukuma mtu nje badala ya kumwacha aingie chini. Umoja wa Mataifa una kanuni ya jambo hili, ya namba 73, tangu miaka ya 1980. Mji wa London umekwenda mbali zaidi: malori yote yanayozidi tani 12 hupimwa kwa kiasi ambacho dereva aweza kuona kwa macho yake mwenyewe kupitia vioo vya dirisha, nayo hupewa nyota. Tangu Oktoba 2024 lori lisilofikia nyota tatu haliingii mjini humo ila limefungwa vifaa vya kumwonya dereva kwamba kuna mtu karibu.

Fundi anayeunga mabomba ya ngao ndiye fundi yule yule awezaye kuunga kizuizi cha ubavuni, kwa chuma kile kile na kwa moto ule ule. Kikiwa mbele ya gari dogo, chuma hicho chavunja mifupa ya mtoto mwenye baiskeli. Kikiwa ubavuni mwa lori, chamwokoa. Wenye malori miongoni mwetu wasingoje kulazimishwa na serikali katika hilo. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya tairi za trela.

Wala tusikate tamaa tukasema nchi yetu haiwezi kuweka viwango vikafuatwa. Waliokuwa watu wazima mwaka 2004 wanakumbuka mwezi wa Februari wa mwaka huo, waziri wa uchukuzi akiwa marehemu John Michuki, matatu zilipotakiwa zote kufungwa mikanda, kuchorwa mstari wa manjano, na kutiwa kidhibiti mwendo cha kuzizuia zisipite kilomita 80 kwa saa. Watu walisema haiwezekani. Siku chache matatu zikatoweka barabarani na watu wakatembea kwa miguu; kisha zikarudi na mikanda yake. Baadaye usimamizi ulilegea, hilo ni kweli, lakini mstari wa manjano twauona hadi leo. Lililofanyika kwa ajili ya walio ndani ya gari lawezekana pia kwa ajili ya walio nje. Nao walio nje ni wengi. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na katika hesabu za NTSA kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu.

Basi nini kifanywe majumbani mwetu? Kwanza, anayenunua gari aulize juu ya pua yake kama anavyouliza juu ya injini. Gari likiwa limekwisha kufungwa ngao, ing'olewe. Fundi huimaliza kazi hiyo kwa saa chache, na chuma chaweza kuuzwa. Pili, ndugu zetu wenye yadi za magari wasiitangaze ngao kama pambo la bure la kumvutia mteja. Tatu, kabla ya kuwasha gari ndani ya ua, dereva alizunguke kwa miguu, na mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima hadi gari litoke. Nne, tusipachike kwenye kioo cha mbele vibandiko na mapambo yanayomzuia dereva kuona, hata yakiwa na maandishi matukufu. Maandishi hayo yana heshima kubwa zaidi ya kuwa pazia. Tano, KEBS hutoa rasimu za viwango vyake kwa wananchi ili wazitolee maoni, na jumuiya zetu, pamoja na vikundi vya kina mama, zinaweza kuandika na kuomba kwamba ulinzi wa aliye nje ya gari uingizwe humo, na kwamba ukaguzi usiishie ng'ambo. Barua moja yenye sahihi za kina mama 100 si jambo dogo.

Sasa twarudi kwa dada yetu wa Yamumbi na swali lake. Je, ana haki ya kukataa? Siku ya Hudaybiya, masahaba walipokuwa na huzuni wakasita kuchinja na kunyoa, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliingia hemani kwa mkewe Umm Salama akamweleza. Bibi huyo akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyoe mbele yao. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Jambo lile lilikuwa la umma mzima, na shauri likatoka kwa mwanamke. Gari la nyumba ni dogo kuliko hilo. Mama ndiye atakayewapandisha watoto wake humo, na ndiye anayewajua kwa majina watoto wa jirani wanaopita mbele ya lango lake na baiskeli zao. Ushauri wake ni haki, na kwa alivyoona kwa macho yake, twaona ni wajibu.

Amweleze mumewe kwa upole, wakati wa faragha, si mbele ya shemeji. Asimwambie kwamba shauri la nduguye ni la kijinga, maana si la kijinga. Ni la mtu aliyetaka kuwalinda walio wake. Amuulize tu swali moja: siku ile baba yake yule mvulana atakapokuja kuwapongeza kwa gari jipya, kwani jirani hukosi kuja, watamsimamisha wapi ili asiione ngao?

Na fedha iliyokuwa imetengwa kwa fundi isipotee. Twapendekeza sehemu yake inunue breki mpya na balbu za taa kabla ya safari ya kilomita 800. Iliyobaki wamchukulie mtoto aliyelazwa, kwa matibabu au kwa baiskeli nyingine atakapopona, inshaallah. Jirani ni jirani, awe wa dini yetu au asiwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mtoto huyo kuponya kusikoacha maradhi nyuma yake, alifikishe gari la dada yetu salama, alijaalie liwe la kheri kwa walio ndani yake na kwa watakaokutana nalo njiani, na atuzinduе sote kabla hatujazinduliwa na msiba. Amin.

Wabillahi tawfiq.